Biashara ya Spea Zilizotumika za Magari ya Mbio

Kila ninaporudi shuleni kutoka likizo, wenzangu wa bwenini hunitazama mikono wakaniuliza kama nimekuwa nikichoma makaa. Weusi huo si wa makaa. Ni wa oili ya zamani, nayo huingia katika ngozi ikakaa wiki tatu, wala sabuni haiiondoi. Tangu nilipokuwa Kidato cha Pili likizo zangu zote nimezipitisha katika gereji ya mjomba wangu mjini Kampala, nayo si gereji ya kutengeneza motokaa za kila mtu. Mjomba hununua na kuuza spea zilizokwisha kutumika za magari ya mbio, na wateja wake karibu wote wana ugonjwa mmoja na yeye mwenyewe, yaani kupenda motokaa kupita kiasi. Padri anayetunza gazeti letu ameniomba niieleze biashara hii katika kurasa za Kiswahili. Nimekubali, kwa sababu gereji ndipo nilipojifunza Kiswahili changu kabla sijakikuta darasani.

Kwanza yafaa nieleze ni watu gani hao. Msidhani ya kuwa wote hushindana. Wengi wao hawajashindana hata siku moja. Yuko daktari mmoja wa meno, yuko mfanya biashara wa kahawa, na walimu si haba. Motokaa ya kawaida hutengenezwa iwe ya kati na kati: isiwe ghali mno, isile petroli nyingi, iweze kubeba mama na watoto na mkungu wa matoke. Mpenzi wa motokaa hatosheki na hayo. Huondoa springi zake akatia nyingine fupi na ngumu. Huondoa bomba la ekzosi, akaenda Katwe kwa mafundi wa kuchomelea wamtengenezee lililo pana zaidi. Hubadili breki, viti, rimu, na mwisho hubadili injini yenyewe. Basi kila anapotia kipya, cha zamani hubaki mikononi mwake. Hukiweka chini ya kitanda, halafu nyuma ya kochi, mpaka siku ile mke wake asemapo ya kuwa ama vyuma vitoke ama atoke yeye. Hapo ndipo hutupigia simu.

Wengine wanaotuletea spea ni madereva wenyewe wa mbio. Uganda ina mashindano yake makubwa, Pearl of Africa Rally, ambayo huhesabiwa pia katika ubingwa wa Afrika. Mwaka 1999 Charles Muhangi, Mganda, alitwaa ubingwa huo wa Afrika kwa Subaru Impreza, na wazee wa gereji wasema tangu siku hizo mlio wa Subaru umekuwa kama wimbo wa taifa wa pili. Dereva wa mbio hawezi kungoja mpaka kitu kivunjike. Hukibadilisha kingali kizima, kisha hukiuza ili apate fedha za kununulia kingine. Kwa hiyo kitu kilichotoka katika gari la mbio chaweza kuwa kizuri kabisa, au chaweza kuwa kimebakiwa na siku mbili za kuishi. Kwa macho huwezi kutambua.

Zilizobaki hutoka Japani. Huko serikali hukagua motokaa ya mtu binafsi baada ya miaka 3 tangu iwe mpya, na baada ya hapo kila miaka 2, na ukaguzi huo una gharama, hata wenye magari wengi huona heri kuuza gari la zamani kuliko kulikagua tena. Magari hayo huuzwa nchi za nje yakiwa mazima, na mengine hukatwa, injini na giaboksi zikatiwa katika kontena. Nyingine hupitia Sharjah, katika nchi za Ghuba, ambako kuna mitaa mizima ya vyuma vya namna hii. Hufika Mombasa, kisha husafiri zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara mpaka kwetu. Mwaka 2018 Uganda ilitunga sheria ya kukataza kuingiza nchini motokaa iliyozidi umri wa miaka 15. Impreza za umbo la kwanza zilianza kuuzwa mwaka 1992, na umbo hilo likakoma mwaka 2000. Hesabu wewe mwenyewe. Hakuna hata moja inayoweza kuingia tena, na zile zilizokwisha kuingia haziwezi kuishi ila kwa viungo vya wenzao waliokufa.

Wazee wetu waliosoma hapa zamani wasicheke wakidhani ya kuwa kuendesha vitu vya mkono wa pili ni unyonge wa siku hizi. Safari Rally ilipoanzishwa mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na magari yalikuwa yale yale ya kuendea kazini. Mwaka 1965 Joginder Singh, fundi wa Nairobi, alishinda Safari hiyo pamoja na ndugu yake Jaswant katika Volvo PV544, nayo ilikuwa motokaa iliyokwisha kutumika katika mashindano kabla hawajaipata wao. Wenye magari mapya walimfuata nyuma wakila vumbi lake. Mjomba huwasimulia habari hii wateja wote wanaodai apunguze bei kwa sababu kitu si kipya.

Sasa nije katika kazi yenyewe. Kuuza spea ya kawaida, mathalani plagi au fani-belti, ni jambo jepesi. Kuuza spea ya gari la mbio kuna maswali mawili, na muuzaji hana budi kuyajua yote mawili: je, itaingia? Na je, imetoka wapi?

Swali la kwanza lina hesabu ndani yake, nami hulipenda. Chukua rimu. Rimu ya Impreza nyingi ina matundu 5 ya boliti, na matundu hayo yamepangwa katika duara yenye upana wa milimita 100. Lakini ile Impreza ya nguvu, STI, tangu ya mwaka 2005 ina matundu 5 katika duara ya milimita 114.3. Namba hiyo ya ajabu si ya ajabu ukiigeuza kuwa inchi, maana ni inchi 4 na nusu kamili. Mtu akitazama kwa mbali huona rimu mbili zinazofanana, matundu matano hapa na matano pale, hutoa fedha zake, akafika nyumbani akakuta hata boliti moja haiingii mahali pake.

Tena, hata duara ikilingana, kazi haijaisha. Katikati ya rimu kuna tundu kubwa linalokaa juu ya kitovu cha gurudumu. La Subaru lina upana wa milimita 56.1. Toyota nyingi zenye duara ile ile ya milimita 100 zina tundu la milimita 54.1. Tofauti ni milimita 2 tu, lakini chuma hakijui neno “tu”. Rimu ya Toyota haikai juu ya kitovu cha Subaru mpaka ipelekwe kwa fundi wa kuchonga. Nimemwona kijana mmoja akijaribu kuilazimisha kwa kukaza nati kwa nguvu zake zote. Rimu ilikaa upande, na angaliondoka hivyo sijui angalifika wapi. Sasa nina kipimo changu cha chuma mfukoni, na kila rimu inayoingia gerejini huipima, nikaandika namba zake kwa chaki ndani yake.

Difu ni mtihani mkubwa zaidi. Subaru huendeshwa kwa magurudumu yote manne. Difu ya mbele imo ndani ya giaboksi, na ya nyuma iko peke yake. Mara nyingi mtu huleta giaboksi aliyoitoa, lakini difu ya nyuma ameiacha katika gari. Sasa tuseme gia ya mwisho ya giaboksi hiyo ina meno 40 kwa meno 9, yaani 4.444, naye mnunuzi ana difu ya nyuma yenye meno 37 kwa 9, yaani 4.111. Magurudumu yakizunguka mara 9, upande wa mbele wataka shafti izunguke mara 40, na upande wa nyuma wataka mara 37. Shafti ni moja. Mizunguko 3 haina pa kwenda. Gurudumu huzunguka kiasi cha mara 500 katika kilomita 1, kwa hiyo kila kilomita pana ugomvi wa mizunguko zaidi ya 160, na ugomvi huo wote humwangukia yule wa katikati anayegawa nguvu mbele na nyuma. Penye vumbi na changarawe tairi huteleza kidogo zikaupunguza. Penye lami hakuna kuteleza, na kitu cha katikati hupata moto mpaka kinakufa.

Nilipomweleza Bruda wa hisabati jambo hili alifurahi sana, akalitia katika mtihani wa majaribio. Wenzangu hawajanisamehe bado.

Ndiyo maana gerejini kwetu giaboksi haiuzwi mpaka imehesabiwa. Sisi hutia alama ya rangi, tukazungusha kwa mkono, mmoja akihesabu upande huu na mwingine upande ule. Ni kazi ya dakika kumi. Mwenye haraka ya fedha huona dakika kumi ni nyingi.

Swali la pili, imetoka wapi, halina kipimo cha kutia mfukoni. Hilo ndilo lililonipata mimi, nami nitalieleza jinsi lilivyokuwa, ingawa mjomba alinishauri nisiliandike.

Kwanza yapasa mjue tabo ni nini. Injini huunguza petroli pamoja na hewa, na kwa kila kilo 1 ya petroli yahitaji kadiri ya kilo 14.7 za hewa. Petroli kuiongeza ni rahisi. Shida ni hewa. Tabo ni chombo chenye umbo la konokono wawili waliogeuziana migongo. Moshi wa moto utokao katika injini huingia katika konokono wa kwanza ukazungusha kigurudumu chenye mapanga. Kigurudumu hicho kimeunganishwa kwa shafti ndogo na kigurudumu cha pili, kilichomo katika konokono wa pili, nacho huvuta hewa safi na kuishindilia ndani ya injini. Shafti hiyo haizidi unene wa kidole changu kidogo, nayo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja. Haikai juu ya chuma. Huelea juu ya oili, utando mwembamba kuliko karatasi hii. Oili ikiwa safi tabo huishi miaka mingi. Oili ikiwa na chembe za chuma, chembe hizo hukwaruza mahali ambapo jicho halifiki.

Kuna namna ya kuijaribu tabo iliyotolewa garini, na kila mnunuzi wa Kampala aijua. Hushika ncha ya shafti kwa vidole viwili. Akiisukuma kando, huona inachezacheza kidogo, na hilo si kosa, maana haina oili kwa wakati huo. Akiivuta na kuirudisha, yaani mbele na nyuma, haifai asikie mchezo wowote. Mapanga yasiguse ukuta wa konokono, tena ncha zake zisiwe zimelika. Tabo ikifaulu mtihani huo, wengi hutoa fedha.

Miaka miwili iliyopita, nilipokuwa na umri wa miaka kumi na saba, mjomba alinunua tabo iliyotoka katika Impreza ambayo injini yake ilikufa kwa kusagika beringi za mikono ya pistoni. Beringi zikisagika unga wake huenda pamoja na oili kila mahali, na tabo nayo hunywa oili hiyo hiyo. Mjomba aliiweka katika rafu ya juu, akaitia alama ya chaki, maana yake ifunguliwe na kutiwa beringi mpya kabla ya kuuzwa. Halafu akapata habari ya msiba, akaenda Masaka kuzika. Akaniachia gereji siku tatu.

Siku ya pili akaja mwalimu mmoja kutoka Jinja, mteja wetu wa zamani, mtu mpole sana. Alitaka tabo ya namna ile ile. Nami siku iliyotangulia nilikuwa nimekwisha kuiteremsha, nikaiosha kwa petroli na brashi, kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine. Ilimetameta kama kikombe cha altareni. Chaki ilikuwa imetoka pamoja na uchafu.

Akaishika shafti, akaivuta, akaisukuma. Akaridhika. Kisha akaniuliza, “Kijana, hii imetoka katika gari gani?”

Nikamjibu, “Imetoka katika gari zuri, Mwalimu.”

Wala sikusema uongo. Gari lilikuwa zuri, lilikuwa Impreza nyeupe ya daktari, limetunzwa vizuri mpaka siku ile injini ilipokufa. Nalijua swali lake lilikuwa lataka jibu gani, nami nikampa jibu jingine lililokuwa karibu. Alinilipa shilingi 900,000. Nikazihesabu mara mbili, nikajiona mtu mzima.

Mjomba aliporudi alitazama rafu kabla hajaweka mfuko wake chini. Nikamwambia. Akauliza, “Umemwambia ilikotoka?” Nikanyamaza. Akasema, “Mpigie simu sasa hivi, asiitie garini.” Nilichukua simu nikatoka nje, nikasimama karibu na ngoma za oili, nikaona haya. Nikasema moyoni nitampigia kesho asubuhi. Nikamwambia mjomba ya kuwa simu haikupokewa. Huo ulikuwa uongo, nao sina namna ya kuugeuza jina. Asubuhi wakaja wateja wengi, nami nikajisahaulisha.

Wiki ya pili Mwalimu alikuwa akirudi Jinja kutoka Kampala usiku, pamoja na mke wake na mtoto wao mdogo. Walipokuwa katikati ya msitu wa Mabira shafti ya tabo ikakatika. Oili ikaanza kutoka katika tabo na kuingia katika ekzosi moto, moshi mweupe ukajaa barabara nzima hata asione nyuma. Barabara ile mnaijua, wale mliokwisha kuipita. Malori ya Kenya huipita usiku kucha, na kando yake hapana nafasi ya kutosha ya kusimama. Alipokuwa angali akitafuta pa kuegemea, oili ikaisha na injini ikakwama. Wakakaa hapo mpaka saa saba za usiku, mke na mtoto wakiwa wamesimama majanini mbali na gari, naye akipunga taa ya simu kila liliposikika lori likija. Hawakuumia. Nimeliandika neno hilo fupi, lakini nilipolisikia nilikaa chini juu ya tairi.

Mjomba hakunipiga wala hakunigombeza. Alinichukua tukaenda Jinja kwa basi, akanitaka niseme mimi mwenyewe, na nikasema, pamoja na ile habari ya simu, ambayo mjomba naye alikuwa akiisikia kwa mara ya kwanza. Alimrudishia Mwalimu shilingi zake 900,000, akampa na injini nyingine tuliyokuwa nayo gerejini. Fedha hizo zilikuwa pamoja na ada yangu ya muhula. Ndiyo sababu, kwa wale waliouliza mwaka ule, nilichelewa kurudi shuleni wiki tatu. Haikuwa malaria.

Jambo ambalo sikulitazamia ni maneno ya Mwalimu. Alisema, “Ungaliniambia ilikotoka, ningaliinunua vile vile. Ningalitoa 300,000, nikaipeleka ikafunguliwe na kutiwa beringi mpya.” Nimelifikiri neno hilo mara nyingi nikiwa chini ya magari. Nilidhani nilikuwa nikificha aibu ya kitu kile ili kiuzwe, na kumbe kingaliuzwa tu. Kasoro iliyosemwa ina bei yake, mtu aweza kuipigia hesabu: beringi kiasi hiki, ufundi kiasi hiki, kilichobaki ndiyo thamani. Kasoro iliyonyamaziwa haina bei, na aliye ndani ya gari ndiye huilipia, pengine gizani.

Tangu hapo kila kitu gerejini kina kibandiko cha karatasi nene kilichofungwa kwa waya, na kazi ya kuandika ni yangu. Naandika namba iliyochongwa na kiwanda, gari kilimotoka, kimetembea kiasi gani kama tunajua, kwa nini kilitolewa, na kinaumwa nini. Kama hatujui, naandika “Haijulikani.” Mwanzoni niliogopa wateja wangekimbia. Wachache walikimbia kweli, tena wengine walivitumia vibandiko vyetu kuteremsha bei bila haya. Lakini wapenzi wa motokaa ni kama kijiji kimoja. Mnunuzi wa leo ndiye muuzaji wa mwezi ujao, na wote hukutana barabarani siku ya mashindano, wakaonyeshana nani alimwuzia nani nini.

Kuna vitu tusivyoviuza hata kwa kibandiko. Mkanda wa kiti wa mashindano una karatasi iliyoshonwa juu yake yenye mwaka wa mwisho wa kutumika, na mwaka huo ukipita, au mkanda ukiwa umekwisha kuvuta mtu katika ajali, mjomba huukata kwa kisu mbele ya aliyeuleta. Kadhalika helmeti iliyoanguka. Nje yaonekana nzima, lakini povu la ndani hujibana mara moja tu, halirudi. Mtu mmoja alikasirika sana alipokatiwa mkanda wake, akasema tungaliweza kumwachia aufungie mbuzi.

Juu ya vitu vya wizi sitasema mengi. Vipo, na kila mtu mjini aliyewahi kulala na vioo viwili vya kando akaamka bila hata kimoja ajua. Sisi hatununui injini mpaka namba yake ilinganishwe na ile iliyoandikwa katika kitabu cha gari, na aliyeileta atie sahihi yake na namba ya kitambulisho. Mwenye kusema kitabu kimeliwa na panya tunampa pole, akaondoka na injini yake. Mnunuzi naye hupewa karatasi, kwa kuwa akitia injini nyingine katika gari lake hana budi kuiandikisha, la sivyo siku ya kuuza gari namba hazitakubaliana.

Deni langu lingali katika daftari la mjomba. Kila likizo hulikata kidogo kwa kazi yangu, na kwa hesabu yake tutakuwa tumemalizana likizo ya Desemba. Ile shafti iliyokatika ninayo hapa shuleni, naitumia kushikilia karatasi zisipeperuke.

Likizo iliyopita Mwalimu alikuja tena. Sikumtazamia, nami nilitaka kuingia chini ya gari lililokuwa karibu. Lakini safari hii alikuja kuuza. Alileta giaboksi ya gia tano, na juu yake alikuwa amefunga karatasi kwa uzi, kwa mwandiko wake wa ubaoni, akafuata mpango wa vibandiko vyetu neno kwa neno. Mimi na mjomba tuliihesabu meno, tukaizungusha, hatukuona ubaya wowote. Ubaya ulikuwa katika karatasi yake, mstari wa mwisho. Kwa hiyo ikiwa yuko mzee wetu mmoja mwenye Impreza ya zamani anayesoma gazeti hili, giaboksi hiyo ingali gerejini. Ni 4.444, yataka difu ya nyuma inayolingana nayo, na gia ya tatu hulia injini ikipata moto.